"Malaika" ukumbini: kilio cha asiyeoa kwenye harusi ya anayeoa

Kwenye kumbi za harusi za Mbeya na Iringa, zamu ya zilipendwa ikifika, "Malaika" ni nadra kukosa. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa Adam Salim naye alidai kuwa ndiye mtunzi. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu yao ya 1965, na Boney M. wakaurudia 1981.

Wanaoulalamikia wana hoja. Huu si wimbo wa harusi. Ni kilio cha kijana aliyempenda binti akakosa mali ya kumwoa. Kuupiga maharusi wanapoingia ni kumpokea bwana harusi kwa habari za mwenzake aliyeshindwa, tena mbele ya wakwe waliopokea mahari juzi tu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: utamu wa sauti umetuzoesha jambo la kutukera, kwamba ukata ndio unaoamua nani aoe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa hata kama taratibu za mahari hazikukamilika, lakini mshenga anayepanda Tukuyu na barua ya posa hatetei kifungu. Anakwenda kusikiliza ng'ombe wangapi, hata kama mwishowe zitahesabiwa noti.

Hata hivyo, upande wa pili ndio unaonivuta. Mzee aliyepasua mbao Mafinga au kulima viazi msimu baada ya msimu hadi mahari ikatimia, hasikii huzuni ya mtu mwingine hapo. Anajisikia mwenyewe, siku zile mfuko mtupu na moyo umeshajaa. Anachokikumbuka ni mapenzi pamoja na shida zake, na ukiziondoa shida, kinachobaki ni jina tamu tu la kumwitia mpenzi. Kwa hiyo didijei anayeukata kabla ya ubeti wa pesa ameutoa roho.

Bendi nazo huuharibu kwa kuudharau, kwa kuwa una kodi (sauti zinazopigwa kwa pamoja) tatu tu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Wanaukimbiza, wanabonyeza mdundo wa kinanda uliokwishapangwa, maneno yanamezwa. Midundo 90 hadi 100 kwa dakika inatosha. Waimbaji wakiwa wazee, shusha kii, yaani kimo cha sauti ya wimbo, hatua mbili nzima, vinginevyo watafika juu wakipiga kelele. Usiku wa baridi wa Juni na Julai kuna tatizo jingine: gitaa likitoka kwenye gari lenye joto na kuingia kwenye turubai, nyuzi za chuma hujikaza na sauti kupanda, wakati kinanda kimebaki palepale. Litoe kwenye mfuko dakika 20 kabla, kisha ulitune upya.

Mwimbaji mwanamke asibadili "ningekuoa". Ni kweli mwanamke huolewa, lakini anayesema pale ni kijana wa kiume, na kauli ni yake.

Basi usiupige wakati wa kuingia wala wa keki. Uweke baada ya chakula, wazazi wa pande zote mbili wanapoitwa kucheza, na ubeti wa mwisho ngoma na besi zinyamaze. Gitaa moja libaki likidonoa taratibu. Maneno ukumbi mzima unayo.