Saratani ya ngozi kijijini, tunamhesabu nani?

Ukiitaja tu saratani ya ngozi hukosi mtu wa kukwambia huo ugonjwa wa wazungu bwana, sisi melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inatukinga. Na hajakosea sana. Mkulima mweusi anaweza akashika jembe miaka 40 juani asiipate, na hata melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali zaidi, ikimpata mara nyingi inatokea kwenye wayo au chini ya kucha ambako jua halihusiki, kama ile iliyomuua Bob Marley 1981. Saratani nyingine ya ngozi inaanzia kwenye kovu la moto au kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Kwa hiyo anayetaka kijiji kizima kigawiwe losheni ya jua, hapo mi simo.

Ila hiyo "sisi" inamwacha nje mtu mwenye ualbino. Tanzania inakadiriwa ni mtu 1 kati ya 1,400, wakati Ulaya ni kama 1 kati ya 17,000 mpaka 20,000. Sasa njoo kwenye sensa ya 2012, walihesabiwa 16,477, na nchi ilikuwa na watu karibu milioni 45. Piga hesabu mwenyewe, kwa yale makadirio walitakiwa wawe kama 32,000, hiyo nusu nyingine iko wapi? Labda makadirio yamezidi, sawa. Labda karani hakuambiwa kwamba kuna mtoto ndani, maana hofu ya mauaji ya watu wenye ualbino ilikuwa haijaisha. Na labda wengine walishazikwa mapema, huyo hayupo kwenye sensa na hospitali hakuwahi kufika, halafu tunasema ugonjwa ni wa nadra!

Kinachouma zaidi, kwao saratani hii haiji kwa kujificha. Inaanza na magamba usoni, sikioni, mdomoni, yanaonekana kabisa, na yakiwahiwa yanagandishwa au yanakatwa basi. Lakini mtu anapewa tu mafuta ya kupaka, anarudi shambani, akija kupelekwa rufaa shavu limeshaliwa.

Wapo wanaosema losheni ni anasa, kofia pana na mikono mirefu inatosha. Kwa kuanzia kweli, tena nguo haiishi kama chupa. Lakini pua na mdomo utavivalisha nini? Hospitali ya KCMC pale Moshi wanatengeneza losheni ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hawa hawa, hapa hapa nchini, kwa hiyo kusema haiwezekani nako hapana. Nayo ikichelewa kufika kijijini, jua la saa sita haliwasubiri.