Uongo mdogo na bei yake

"Niko njiani, dakika tano tu." Anayejibu hivi mara nyingi bado anatafuta kiatu cha pili. Hana nia ya kumdhulumu anayemsubiri, anaahirisha lawama tu. Uongo mwingi wa kila siku huponyoka hivi hivi, kabla msemaji hajaupanga.

Mwaka 1996 mwanasaikolojia Bella DePaulo na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu 147 waliandika kwa wiki nzima kila uongo waliousema. Wanafunzi wa chuo walifikia wastani wa mara mbili kwa siku, watu wa kawaida wasio wanafunzi mara moja. Wastani huo hunukuliwa sana, nao unapotosha. Utafiti wa Marekani wa 2010, uliohoji watu wazima 1,000, ulikuta kwamba karibu asilimia 60 hawakudanganya hata mara moja katika saa 24 zilizotangulia, na karibu nusu ya uongo wote ulitoka kwa asilimia 5 ya waliohojiwa. (Ndiyo, tunawauliza watu kama ni waongo kisha tunaamini majibu.) Msemo wa "kila mtu hudanganya" ni kichaka wanachojificha waongo sugu.

Wanaoutetea uongo wana hoja. Ukishukuru kwa furaha zawadi usiyoipenda, nani kaumia? Mwanafalsafa Kant, mwaka 1797, alikataa hata kumdanganya muuaji anayemsaka rafiki yako, na hapo wengi wetu tunamwacha peke yake. Lakini katika kumbukumbu za 1996, uongo wa kujinufaisha ulizidi ule wa kumstahi mwingine. "Nilificha nisikuumize" hupimwa kwa swali moja: akigundua, atakushukuru?

Gharama yenyewe iko kwenye matunzo. Ukisema ulichelewa kwa foleni, utaulizwa ulipita wapi, na mwenzio kumbe kapita huko huko asubuhi. Sasa unahitaji ajali, ajali inahitaji mahali, na mke wako inabidi aambiwe hivyo hivyo. Ukweli ungekugharimu aibu ya dakika moja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa anayetegemea macho, ni ndefu: uchambuzi wa 2006, uliokusanya tafiti zaidi ya 200, ulikuta watu hutofautisha uongo na ukweli kwa usahihi wa asilimia 54, afadhali kidogo kuliko kurusha sarafu. Jasho na kigugumizi havisaidii, maana asiye na kosa naye hutetemeka akihofia kutoaminiwa. Mwache aeleze bila kumkatiza, kisha uliza asichojiandalia: nani alikaa wapi, kilitangulia nini. Majibu yalinganishe na kitu kinachoweza kuthibitishwa, kama risiti au mtu wa tatu.

Muulizaji naye ana sehemu yake. "Ni wewe uliyevunja?" kwa sauti ya juu humfanya mtoto aone njia moja tu ya kuponea. "Naona kikombe kimevunjika, lete ufagio tusafishe" humwachia pa kusema kweli.