Nani Atamwosha Maiti?

Rafiki yangu anaandika riwaya ya Unguja ya 1869 hadi 1873, na mswada wake umetugombanisha barazani. Misiba ya miaka ile inajulikana: kipindupindu cha 1869 na 1870, tufani ya Aprili 1872 iliyolaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, kisha mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Mkunazini.

Ugomvi wetu ni wa sura ya saba, ya wakati wa kipindupindu. Mama mmoja wa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, mwosha maiti, anaitwa usiku kwa jirani. Tangu alfajiri ameshaosha wanne. Amekaa kitandani, mkoba magotini, pamba na karafuu maiti zimo ndani, na hanyanyuki.

Vijana wamefurahi. Kwao hapo ndipo imani ilipokatika, na riwaya iendelee hivyo hivyo. Wazee wawili wamekasirika kwa sababu ile ile: mcha Mungu kuandikwa akikataa fardhi ni kuitia dini aibu. Lakini mama yule hakusema hakuna Mungu. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

Kuosha maiti ni fardhi kifaya. Akiifanya mmoja, mtaa mzima umesalimika. Asipotokea mtu, dhambi ni ya wote. Sasa ichukue sheria hiyo uiweke kwenye mtaa ambao kila nyumba ina kilio. Waliozoea miaka yote kwamba mama fulani atakwenda, wakageukia ubavu wa pili wakalala, usiku ule wako macho wanasikiliza kama komeo la mlango wake limelia. "Mwosha huoshwa" mwaka ule haikuwa methali. Leo tunajua ugonjwa ule hupitia maji na choo cha mgonjwa. Aliyemwinamia maiti na kata ya maji, akamkamua tumbo taratibu kama inavyotakiwa, ibada yake haikuwa ya mdomoni. Anayesema watu wale walikaa tu wakisubiri kudra, nadhani hajawahi kuingia chumba cha kuoshea.

Tena sheria yenyewe ina mlango. Maiti asipowezekana kuoshwa, hutayamamishwa, yaani hupanguswa kwa vumbi safi badala ya maji. Rafiki yangu hilo hajaliandika, na nimemwambia amepoteza kitu kikubwa, kwa sababu mama yule angekuwa anaujua mlango huo, na usiku kucha angekuwa anajiuliza kama siku ya kuupitia imefika au ni woga wake tu unaotafuta fatwa. Mimi swali hilo lingeniweka macho kuliko ukurasa mzima wa mtu kumlalamikia Mungu.

Vijana wana hoja moja ambayo siwezi kuipangua. Baada ya tufani, mwenye shamba anakaa juu ya gogo la mkarafuu, anasema Mungu ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, kisha anaamuru ipandwe miche ambayo haitazaa kabla ya miaka sita hivi. Msomaji anampenda. Mwaka unaofuata Sultani, Sayyid Barghash, anautia saini ule mkataba wa kufunga soko la watumwa, na bwana yule yule anapiga kelele kuwa amedhulumiwa. Upepo kwake ni kudra, mkataba si kudra! Na ile miche, mashimo yake waliyachimba watumwa. Subira aliyoisema yeye, waliifanya wao. Hapo mila imepimwa ikapelea, na mwandishi asimsitiri.

Vijana wakitaka kumpima mama wa Malindi kwa pishi hiyo hiyo, hapo tunaachana. Ila nami kuna kitu kilinipita mpaka nilipousoma mswada mara ya pili: maji ya kuoshea maiti wale wanne yaliletwa na mjakazi wa mama yule, na hajapewa hata jina. Nikamuuliza rafiki yangu, usiku ule mama alipokuwa kitandani, mjakazi alikuwa wapi? Akanyamaza, akauchukua mswada wake.