Mama Mkwe Alipaa, Sisi Tukashuka

Kwa kuwa mwenzangu wa idara ya mizigo ameshalieneza jambo hili katika kikundi cha kazini, tena kwa ujumbe wa sauti wa dakika 4 wenye vicheko katikati, nimeona ni heri nilieleze mwenyewe kabla halijawafikia mashemeji zangu wa Mwanza. Yeye anadai kwamba Alhamisi iliyopita nilishushwa kwenye ndege nikiwa ninalia. Aliyelia ni mwanangu wa miaka 6. Mimi macho yalinitoka machozi kwa sababu ya dagaa, na hilo nitalifikia.

Wale mnaofanya kazi katika mashirika ya ndege mnaifahamu tiketi yetu ya wafanyakazi. Unalipa kodi za uwanja na ada ndogo, jina lako linaingizwa katika orodha ya wanaosubiri, halafu unaketi karibu na geti ukiwa umevaa nguo za heshima huku ukiwaombea abiria waliolipa nauli kamili wakwame kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Kiti hupewi mpaka dakika za mwisho, iwapo kimebaki, na mwenzako aliyeajiriwa kabla yako hukutangulia hata kama wewe ndiwe uliyefika uwanjani alfajiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimweleza mama mkwe mambo yote ya safari ya Dubai isipokuwa hilo neno “iwapo”.

Yeye alilotangaza kwa ukoo ni kwamba mkwe wake “ana ndege”. Kwa hiyo tulisindikizwa mpaka Jengo la Tatu la uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na Hiace mbili, zikiwa zimejaa ndugu kutoka Ukonga na Gongo la Mboto, na ikasomwa dua ndefu mbele ya walinzi. Mimi nilikuwa nikiitikia “amina” kwa moyo usiotulia, kwa sababu wiki moja kabla nilikuwa nimehesabu viti 31 vitupu, asubuhi vikawa 9, na wakati ule wa dua vilikuwa vimebaki 2, ilhali sisi tulikuwa watu 5. Anayesafiri na familia kwa tiketi hii mwezi Desemba, wakati shule zimefungwa, hana wa kumlaumu.

Hata hivyo, Mungu si Athumani. Dakika chache kabla ya geti kufungwa tuliitwa majina. Viti 4 vilipatikana nyuma, vikiwa vimetawanyika, na cha tano kikawa daraja la biashara, nacho akapewa mama mkwe kwa heshima ya umri wake na goti lake. Nilimwacha huko mbele akiwa ameshika glasi ya maji ya machungwa, akakiangalia kile kiti, kisha akaniangalia mimi kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa naye tangu nilipopeleka posa.

Sasa nisikilizeni polepole, kwa maana hapa ndipo mwenzangu alipotia chumvi.

Nilikuwa nimeketi safu ya 41, kiti cha katikati, mkanda nimeshafunga, nami nikimweleza jirani yangu, bila ya kuulizwa, kwamba mimi ni mwenyeji wa mambo haya ya ndege. Nikamwona msimamizi wa geti akija na karatasi mkononi. Anayekuja na karatasi wakati milango imekaribia kufungwa haji kwa abiria aliyelipa. Nilijifanya kusoma kile kijitabu cha namna ya kujiokoa. Akainama, akaninong’oneza kwamba abiria 4 waliokuwa wamekwama Uhamiaji wametokea, na viti vyao ndivyo tulivyokalia.

Sheria yetu ni kwamba hubishani. Nilisimama, nikamchukua mke wangu safu ya 36, binti yetu safu ya 33, na mdogo wake safu ya 29, ambaye alipaza sauti akauliza, “Baba, tumeiba nini?” Ndege nzima ilinyamaza ili isikie jibu langu. Sikuwa nalo.

Mlango ulikuwa mbele, na njia ya kwenda mlangoni ilipita ubavuni pa mama mkwe, aliyekuwa ameshagundua kwamba kiti kinalala, naye amelala nacho. Alipotuona tumejipanga na mabegi yetu aliinuka kwa furaha.

“Kumbe tumeshafika?”

“Hapana, mama. Sisi tunashuka.”

“Mnashuka wapi, baba, na ndege haijaondoka?”

Nilianza kutafuta maneno, lakini msimamizi, kijana mwenye adabu na sauti ya mnadi samaki wa Feri, akanisaidia: “Mama, hii ni tiketi ya wafanyakazi, hukaa pale tu nafasi inapokuwepo. Wenye viti vyao wamefika. Chako wewe hakina mwenyewe, kaa tu.”

Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine, akakaa, akajifunika shuka.

“Kumbe mmedandia,” akasema.

Angalieni kwamba hakusema “tumedandia”.

Yaliyofuata niyapitie upesi. Mizigo yote ilikuwa imesajiliwa kwa jina langu, nasi tulioshuka hatuwezi kuiacha ndani, hivyo ndege ilichelewa dakika 25 mizigo hiyo ikitafutwa. Afisa wa Uhamiaji alifuta mihuri yetu ya kutoka bila ya kuuliza lolote, jambo lililoniuma kuliko kama angeuliza. Kiroba cha dagaa ambacho mama mkwe alikuwa akimpelekea mpwa wake wa Sharjah kilipasuka mikononi mwangu, na hayo ndiyo machozi mnayosimuliwa. Nje, Hiace zote mbili zilikuwa bado zipo, ndugu wakila karanga wakisubiri kuiona ndege ikipaa, na walipoiona ilikuwa inapita juu yetu sote.

Mama mkwe alifika salama, akapokewa na mpwa wake, na kila siku hupiga simu kuulizia dagaa. Jana aliongeza swali kama safari hii tumelipa.

Ndege ya kesho, kwa mujibu wa kompyuta ya asubuhi hii, ina viti 3 vitupu, nasi tuko wanne. Mke wangu ameshawafunga watoto mabegi yao, na dagaa amewaweka upande wangu.