Studio Display: herufi nalipia, stendi hapana

Mtu anayelipwa kwa kusoma, awe mhariri, mfasiri, mwandishi wa programu au mpanga kurasa kama mimi, ana sababu ya kweli ya kutamani monita ya inchi 27 yenye pikseli, yaani vitone vya picha, 5120 kwa 2880. Sababu ya kuilipia dola 1,599 hana. Hayo ni mambo mawili, na mjadala wa Studio Display, monita ya Apple ya namna hiyo, huharibika pale watu wanapoyafunga kwenye furushi moja. Huyu anasema ni wizi mtupu, yule anasema ukishaionja hurudi nyuma, na kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Tuanze na bei. Nazungumzia toleo la Machi 2022: lilipotoka liliuzwa Marekani kwa hizo dola 1,599. Kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu za Kitanzania, na hapo hujalipa ushuru, nauli wala yule aliyekubebea. Kwa pesa hiyo unapata stendi inayoinama mbele na nyuma, basi. Ukitaka ipande na kushuka, ongeza dola 400. Ukitaka kioo kisichoakisi taa na dirisha, ongeza 300. Jumla 2,299. Na stendi unaichagua siku ya kununua. Ukija kugundua baadaye kwamba shingo inauma huwezi kuibadilisha mwenyewe nyumbani, utabaki kupanga vitabu chini ya monita ya mamilioni kama mwanafunzi wa geto.

Apple hawa ni walewale ambao Juni 2019 walipanda jukwaani na monita nyingine, Pro Display XDR ya dola 4,999, halafu wakataja stendi yake: dola 999, inauzwa kando. Ukumbi uliguna, na ule ulikuwa ukumbi wa watu wanaowapenda.

Lakini kinachonikera zaidi si stendi. Oktoba 2014 Apple walitoa iMac ya inchi 27 yenye pikseli hizohizo, 5120 kwa 2880. Kufikia 2020 iMac hiyo ilianzia dola 1,799, na ndani ya bei hiyo kulikuwa na kioo, kompyuta nzima nyuma yake, kibodi na mausi. Tarehe 8 Machi 2022, siku ileile Studio Display ilipotangazwa, iMac ya inchi 27 iliondolewa sokoni. Ukipiga hesabu ya dukani, kompyuta nzima ilikuwa inauzwa dola 200. Mwangaza ulipanda kutoka niti 500 hadi 600, wakatia kamera mpya na spika nzuri. Sijaona kitu kingine pale cha kuieleza bei hiyo.

Sasa upande wa pili, maana sitaki nionekane mtu anayechukia asichokuwa nacho. Ofisi moja ninayokwenda kupanga kurasa za vitabu inayo Studio Display, na nikikaa mbele yake sitaki kuondoka.

Kazi yangu kubwa ni miswada ya Kiswahili, na Kiswahili kina adui mmoja mdogo sana: kile kialama cha ng’. Mwandishi mmoja anaweza kukitia kwa namna tatu ndani ya sura moja. Kuna kilichonyooka kama msumari, kuna kilichopinda vizuri kama koma iliyopanda juu, na kuna kilichopinda upande usiofaa, ambacho hutoka pale mtu anaponakili maandishi kutoka programu moja kwenda nyingine. Kwenye monita ya kawaida ya inchi 24, ukurasa ukiwa katika ukubwa wake halisi, vyote vitatu ni doa jeusi la aina moja. Ng’ombe, ng'ombe na ng‘ombe wanafanana. Inabidi nikuze ukurasa, nisogee, nikuze tena, na kila ninapokuza napoteza sura ya ukurasa mzima, wakati sura ya ukurasa ndiyo ninayolipwa kuitazama. Kwenye pikseli 5120 naona kichwa cha kialama kimegeukia wapi bila kugusa chochote. Tanbihi za herufi ndogo nazo zinasomeka kama zimeshachapwa. Namba 3 na namba 8 hazichanganyiki tena.

Hili si suala la hisia tu, lina hesabu yake. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, hiyo ni kama milimita 0.17. Pikseli moja ya monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina upana wa milimita 0.28, kwa hiyo jicho linaziona. Inchi 27 yenye 4K, yaani 3840 kwa 2160, ni milimita 0.16, ndiyo zinaanza kupotea. Kwenye 5K, yaani zile 5120 kwa 2880, ni milimita 0.12, na hapo unaweza kusogea hadi sentimita 40 kabla ya kuanza kuzihisi. Mpanga kurasa husogea. Mtu wa kujaza Excel hana haja.

Kuna na suala la mfumo wa kompyuta, ambalo wauzaji hawaligusi. Mwaka 2018, kwa toleo la mfumo wa Mac liitwalo Mojave, Apple waliacha kutumia ile mbinu ya zamani ya kulainisha herufi kwa kugawa kila pikseli katika vijirangi vyake. Tangu hapo Mac iliyochomekwa kwenye monita ya bei ya chini hutoa herufi zenye ukungu, na mwenye Mac hujiona kama amelogwa. Tena Mac ikiwa kwenye 4K ya inchi 27, ukichagua ukubwa wa maandishi ambao wengi huupenda, huchora picha ya 5120 kwa 2880 halafu huibana iingie kwenye 3840. Inabanika vizuri, lakini imebanwa. Windows haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza anayeniomba ushauri ni anatumia kompyuta gani, kabla ya kumuuliza mfuko wake ukoje. Akisema Windows, namwambia anunue 4K nzuri, aachane na haya mambo.

Kwa hiyo herufi nakubali, zina thamani yake. Vingine vilivyomo kwenye boksi ni hadithi tofauti.

Picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, sawa na monita ya ofisi ya karani. Taa ya nyuma ni moja kwa kioo kizima, kwa hiyo usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa, nyeusi ya filamu inakuwa kijivu cha moshi. Simu nyingi za OLED, ambazo kila pikseli hujiwasha na kujizima yenyewe, zinaishinda kwa weusi. Ndani kuna chipu ya A13, ileile ya iPhone 11, na bado kamera ilipotoka ilitoa picha mbovu kiasi kwamba Apple walilazimika kutoa programu ya kuirekebisha. Baadaye mwaka huohuo spika zilianza kuwakatikia watu, na suluhisho la kwanza lilikuwa kuchomoa waya ukutani, kusubiri kidogo, kisha kuchomeka tena. Kwa nini kuchomoa? Kwa sababu monita haina kitufe cha kuwashia na kuzimia. Dola 1,599 na kitufe hakuna.

Wanaoitetea husema monita inadumu: utabadilisha kompyuta mara mbili au tatu, kioo kikiwa kilekile, kwa hiyo gawanya bei kwa miaka. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa monita kwa ujumla ni kweli tupu. Ila Studio Display ina tundu moja tu la kuingizia picha, la Thunderbolt, lenye umbo la USB-C. HDMI, ule waya wa televisheni, haina. Siku kijana wa ofisini akija na laptopu yake ya Windows yenye HDMI tu, mnaangaliana. Hata programu za kuirekebisha monita yenyewe huingia kupitia Mac tu. Monita ya kudumu miaka kumi ingetakiwa ipokee waya wa mtu yeyote.

Rangi nazo zimetiwa chumvi mno. Wabunifu wenzangu hunitajia P3, ule wigo mpana wa rangi za kioo, na niti 600 kana kwamba kitabu kitasomwa kwenye kioo hicho. Mpiga chapa ana wino wa rangi nne na karatasi, na karatasi haiwaki. Kuna buluu na kijani vya kioo ambavyo wino hauvifikii hata uupigie magoti. Kazi ya kuchapa hufanywa kwa mwangaza wa niti 80 hadi 120. Anayeuachia mwangaza wote ndiye huyo anayelalamika kwamba jalada limetoka giza. Kifaa cha kupima rangi ukikichomeka kwenye monita ya bei ya kati, kisha ukaomba karatasi ya majaribio kabla ya kuchapa, unakuwa salama zaidi ya mwenye XDR anayekisia. Na kama kazi zako ni matangazo ya harusi na ofa za maduka, mteja atayafungulia WhatsApp, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, baada ya picha kubanwa. Hapo monita ya mamilioni unamnunulia nani?

Halafu kuna kuishi huku kwetu. Afrika nzima haina hata duka moja la Apple lenyewe, kuna wauzaji walioidhinishwa na kuna wa kawaida. Monita ikianguka au umeme ukirudi kwa kishindo na kuigonga, hiyo waranti ya Marekani au Dubai huanza kuwa ya nadharia. Kioo cha inchi 27 si simu ya kutia mfukoni ukipitia uwanja wa ndege. Gharama hizi hazimo kwenye bango la bei, lakini ni bei.

Soko la Kariakoo lina jibu lake, nalo si baya. Monita za ofisi zilizotumika huko Ulaya, nyingi zikiwa Dell na HP, huingia kwa wingi, na stendi zake hupanda, hushuka, huinama na kugeuka wima bila kulipiwa dola 400.

“Hii imetoka Ulaya, bosi, ilikuwa ofisini, haina shida.”

“Sawa kaka, iwashe basi niweke picha zangu.”

Picha zangu ni kurasa tupu za rangi moja moja. Nyeupe huonyesha madoa na kona zilizoanza kuwa njano. Nyeusi huonyesha mwanga unaovuja pembeni. Nyekundu, kijani na buluu hufichua pikseli iliyokufa. Muuzaji anayeijua mali yake husimama kimya akitazama, asiyeijua huanza kushusha bei kabla sijasema neno. Nyingi ya monita hizi ni 1080, kwa hiyo ng’ombe wangu haziwasaidii, lakini kwa mhasibu, mwanafunzi na anayehariri video za harusi zinatosha na chenji inabaki.

Na wanaotaka 5K hawalazimiki tena kupita mlango mmoja. Samsung walipotoa ViewFinity S9 mwaka 2023 waliiga hadi bei, dola 1,599, ingawa angalau stendi ya kupanda na kushuka ilikuwemo. Asus ndio waliovunja ukuta: ProArt PA27JCV ina pikseli hizohizo 5120 kwa 2880, ina HDMI, na ilitoka ikiwa chini ya dola 900. Umbo lake ni la plastiki, na spika zake si za kusikilizia taarabu. Herufi ni zilezile. Tangu hiyo ilipotoka, Studio Display kwangu imebaki kuwa bidhaa ya mtu anayetaka meza yake ipendeze. Simcheki, fedha ni zake, lakini asiniambie kwamba ni kwa ajili ya kazi.

Kuna wanaonijibu kuwa wananunua kwa ajili ya macho. Hapo nasita. Wataalamu wa macho wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Ophthalmology, wamesema wazi kwamba mwanga wa buluu wa kompyuta haujathibitika kudhuru macho. Wanachosisitiza ni kwamba mtu anayekodolea kioo hupepesa macho kidogo, yakakauka, na kwamba kila dakika 20 inafaa kutazama kitu kilicho mbali. Hakuna monita ya bei yoyote inayokupepesea macho. Kwa aliyevuka miaka 40 kuna jambo jingine tena: jicho limeanza kushindwa kukaza karibu, na miwani aliyopimiwa kwa kusomea kitabu huwa si ya umbali wa sentimita 60. Mtu wa namna hiyo ukimweka mbele ya 4K na 5K hataona tofauti, zote zitakuwa na ukungu.

Kwa hiyo mpanga kurasa mwenye Mac akinijia na dola 1,599 mkononi, agizo langu ni hili: aende kwanza kupimwa macho na aseme kabisa kwamba ni kwa ajili ya kompyuta, anunue 5K ya bei ya chini, atie UPS ya maana kati yake na ukuta, na kifaa cha kupima rangi kama anashughulika na majalada. Kitakachobaki aongezee kwenye kiti, maana kile cha plastiki anachokalia nimekiona.