Mshika Mikoba Naye Kalipa Kiingilio

Shemeji yangu ana swali lake moja ambalo hulitoa kila tukienda bustani ya burudani, na Jumamosi iliyopita kalitoa tena, mbele ya watoto na foleni nzima ikisikia: "Sasa wewe huku umefuata nini?"

Wakati huo nilikuwa nimebeba mikoba minne, kofia mbili, miwani ya watu watatu, na simu. Simu yenyewe ni yake. Alinikabidhi dakika mbili kabla ya kuniuliza.

Naomba tuelewane. Siogopi rola kosta, yale mabehewa ya relini yanayokwea juu kisha yakaporomoka kwa kasi. Wapo wanaoogopa, na ni haki yao, lakini mimi sipendi, na hayo ni mambo mawili. Mtu akisema hapendi mpira, hakuna anayemfunga mkanda kwenye kiti cha uwanjani na kumwambia ajikaze, ataupenda ukishaanza. Ila ukisema hupendi rola kosta, ghafla kila mtu ni daktari wako. "Fumba macho tu." "Piga kelele, itatoka." Itatoka nini?

Na nilishapanda, tafadhali. Chuma kikashuka kunibana mabega, behewa likaanza kukwea taratibu, huku chini kukilia ka-ka-ka-ka. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba mlio ule ni wa meno ya chuma yanayozuia behewa lisirudi nyuma endapo mnyororo utakatika. Sijui kama ningetulia zaidi kuambiwa hilo mapema. Kisha tukaporomoka. Wanaopenda husema tumbo linabaki juu. Kwa kweli halibaki popote, linaanguka pamoja nawe na kiti chako, na kwa kuwa kila kitu kinaanguka kwa pamoja, matumbo yanakosa ule uzito wake wa kila siku na mwili unashtuka. Wao hapo ndipo raha ilipo. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuwakumbuka wote ninaowadai. Pale pa kutokea wanauza picha waliyokupiga ukiwa katikati ya mporomoko: wenzangu wamenyanyua mikono, mimi nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Shemeji aliinunua. Bado anayo.

Kinachoniudhi hasa si utani. Ni ile dhana kwamba bustani hizi zilijengwa kwa ajili ya wapanda rola kosta, na sisi wengine tumejipenyeza tu. Nani kasema? Bustani ya Disneyland ya California, Marekani, ilifunguliwa Julai 1955 bila rola kosta hata moja. Ya kwanza, ile ya mlima wa Matterhorn, ilikuja 1959. Miaka minne watu walimiminika kupanda boti, treni na farasi wa kuzunguka, na hakuna aliyewauliza wamefuata nini. Walt Disney mwenyewe, aliyeianzisha, alisimulia kwamba wazo la bustani ile lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Ameketi! Kwenye benchi! Akijiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo wazazi na watoto wanaweza kufurahi pamoja. Mwenzangu kabisa yule. Nina hakika na mikoba alikuwa ameshikishwa.

Uholanzi nako, bustani ya Efteling ilianza mwaka 1952 na msitu wa hadithi: vibanda, sanamu, watu wa kwenye ngano, na njia za kutembea polepole. Rola kosta yao kubwa ya kwanza, Python, waliileta mwaka 1981. Miaka 29 watu walikwenda kutembea msituni na kusikiliza hadithi, wakarudi nyumbani wameridhika. Hata ile rola kosta ya Coney Island, kule New York, ya mwaka 1884, inayotajwa kama babu wa hizi zote, ilikwenda kama kilomita 10 kwa saa. Hiyo hata mimi ningepanda, na mikoba yangu yote. Sasa Abu Dhabi wana moja ya kilomita 240 kwa saa, na wapandaji wanavalishwa miwani ya kukinga macho. Tumetoka matembezini tukafika huku, halafu anayeonekana wa ajabu ni mimi.

Tiketi yangu, kwa taarifa yenu, ilikuwa bei ileile.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna kitu ninakikosa. Wanaposhuka nywele zimesimama, wanashikana mabega, wanasimuliana wote kwa pamoja jambo lilelile ambalo wote walikuwepo, mimi nabaki natabasamu kama mgeni kwenye harusi ya watu. Dakika tano hivi. Kisha wanarudi kwenye foleni ya saa nzima kwa safari ya dakika mbili, nami naenda kutazama bata.

Jumamosi hiyo sikwenda kwa bata. Mpwa wangu wa miaka minane alikuwa kwenye foleni na baba yake, amenyamaza mno kwa mtoto wa kelele kama yeye. Walipofika kwenye ule ubao wa kupimia urefu, nikaona kitu ambacho shemeji, kwa kuwa alikuwa akitazama juu kwenye reli, hakukiona. Watoto wengine pale hujinyoosha, husimama kwa ncha za vidole, wengine hadi nywele wanazivuta juu. Huyu alikunja magoti. Kidogo tu, ndani ya suruali yake pana, huku uso ameukaza mbele kama askari wa gwaride.

Mhudumu alimtazama magoti. Akamtazama usoni. Akaweka mkono juu ya kichwa chake, akaupeleka ubaoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Pole, bwana mdogo. Bado kidogo. Mwakani, eh?"

Mtoto akatoka kwenye foleni akikimbia, akanikuta, akachukua mikoba miwili bila kuombwa.

"Mjomba," akasema, "wale farasi wako upande gani?"