Msamaha Umeombwa, Wazee wa Umatumbini Hawajasikilizwa

Mwaka 2019 jimbo la Maryland, ninakoishi, lilitunga sheria ya kuunda tume ya ukweli na maridhiano kuhusu watu weusi walionyongwa na magenge ya wazungu. Lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Tume ilipewa kazi ya kuchunguza mauaji yasiyopungua 38, ya kuanzia 1854 hadi 1933. Kilichonigusa zaidi ni kwamba haikukaa makao makuu Annapolis ikisubiri watu. Ilikwenda kwenye kaunti zenyewe, pale pale damu ilipomwagika, ikawaita wajukuu na vitukuu waseme wanachokijua.

Watasema nini baada ya miaka mia? Mengi. Howard Cooper alikuwa na miaka 15 tu alipotolewa jela ya Towson mwaka 1885 na kunyongwa, kabla mawakili wake hawajafikisha rufaa Mahakama Kuu ya nchi. George Armwood aliuawa Princess Anne mwaka 1933. Polisi wa jimbo waliwatambua baadhi ya wauaji, lakini hakuna aliyetiwa hatiani. Mkono wa serikali ulikuwemo, kwa hiyo serikali ndiyo inayopaswa kuuliza. Mwaka 2021 gavana alitoa msamaha wa kisheria kwa 34 kati ya waliouawa, ingawa kwangu mimi aliyepaswa kuomba radhi pale hakuwa marehemu.

Nasoma habari hizi nikiwa mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Kwetu kuna Mwembe Kinyonga, mahali ambapo mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake. Tumekua tukipita pale. Shuleni tulifundishwa vita vya Maji Maji, vya kuwapinga Wajerumani, kwa ajili ya mtihani: sababu za vita, matokeo ya vita, basi. Hakuna aliyetuuliza nyumbani kwenu nani hakurudi.

Na vita vile vilianzia mkoani kwetu. Nandete, milima ya Umatumbi, Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Vikaenea Liwale, Masasi, Ungoni, hadi Mahenge. Wajerumani walichoma vijiji, ghala na mashamba, na njaa ikaua kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria vifo hadi 300,000. Weka hesabu hiyo kando ya 38 za Maryland, kisha jiulize ni kikao kipi cha serikali kimewahi kukaa Kipatimu, huko huko Umatumbi, kusikiliza ukoo mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Nilifurahi kwa dhati, na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, walistahili kuyasikia maneno yale. Lakini mgeni akishaomba radhi na kuondoka, kazi ya kukusanya ukweli inabaki ya wenye nyumba. Tukiingoja Berlin itufanyie, tutapata yale tu yaliyomo kwenye majalada yao.

Tena ukweli wetu una pande ambazo Mjerumani hawezi kutusemea. Waliosimamia mashamba ya pamba kwa viboko walikuwa maakida na majumbe, yaani watawala wadogo wa Wajerumani, na maakida wengi walitoka huku kwetu pwani. Askari waliochoma vijiji wengi wao walikuwa Waafrika. Wapiganaji nao walimuua Askofu Cassian Spiss, mmisionari Mkatoliki, na wenzake karibu na Liwale, wakiwemo masista. Leo kitukuu cha akida na kitukuu cha aliyechapwa wanasali msikiti mmoja, wanaoleana, na hawajawahi kuzungumza jambo hili. Mimi mtu wa Kivinje nina mengi ya kusikia kutoka kwa Mmatumbi, na niko tayari kukaa kimya nimsikilize. Watu wa Maryland wana mzigo kama huo: wanatoka mji mmoja, babu wa huyu alikuwa kwenye genge, babu wa yule alikuwa mtini.

Hatuanzi sifuri. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi, wakati waliokuwa vijana kwenye vita bado wako hai. Wale wazee wameshatutoka. Waliobaki ni waliosimuliwa na bibi na babu zao, nao wanazeeka.

Serikali ya mkoa wa Lindi na ile ya Mtwara zinaweza kuanza bila kusubiri fidia wala mazungumzo ya mabalozi. Baraza la wazi Nandete, jingine Liwale, jingine Masasi, Kivinje tusikwepe. Kila ukoo useme majina yake, yarekodiwe kwa sauti na kuandikwa. Yale masimulizi ya 1968 yarudishwe kwenye vijiji yalikotoka, na nakala ya yote mawili iwekwe katika ofisi ya kijiji na shule ya msingi.